Zima, Pima, Ndipo Ushike
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa kanisa)

Tunashukuru kwa uji na kwa viti. Mwenyekiti ametuomba tuseme machache juu ya stima nyumbani, na hasa juu ya vyombo hivi viwili ambavyo tumewaona mkiviangalia hapa mezani na kuulizana kama ni redio. Si redio. Hiki kidogo ni kipima soketi. Hiki chenye vipande viwili ni kitafuta breka. Lakini kabla hatujavishika, wacheni tuwaambie kilichotufanya tuvinunue.

Kikundi chetu kina chumba cha kushonea. Kulikuwa na soketi moja iliyokuwa imeungua upande mmoja, na plagi ya pasi ikichomekwa pale ilikuwa inapata moto. Kijana mmoja wetu, mwepesi wa mikono, akasema ataibadilisha. Alikwenda kwenye boksi la breka, akateremsha breka moja, taa za chumba zikazimika. Alipoona giza, akaamini stima imekatwa. Akafungua soketi kwa bisibisi, akashika waya. Stima ilimpiga, ikamtupa mpaka kwenye miguu ya cherehani. Vidole viwili viliungua na kwa muda mrefu hakuweza kushika mkasi. Yuko hai, na leo yuko pale nyuma; ametukubalia tuyaseme haya. Hatukumcheka. Kila mmoja wetu angefanya vile vile, maana nani alikuwa ametufundisha kwamba taa na soketi za chumba kimoja hazizimwi na breka moja?

Hapo ndipo pa kuanzia. Ukifungua kifuniko cha nje cha boksi la breka utaona vile viswichi vimejipanga mstari. Tunasema kifuniko cha nje, kile cha mlango tu. Kile cha ndani kilichofungwa kwa skrubu mwachieni fundi. Kimoja kikubwa ndicho meni swichi, kinakata nyumba nzima. Vingine ni breka. Kwa kawaida breka ya taa huandikwa 5, 6 au 10, na ile ya soketi 30 au 32. Hizo ni ampea, yaani kiasi cha stima kinachoruhusiwa kupita kabla breka haijajizima. Kwa hiyo chumba kimoja kinaweza kuwa na taa kwenye breka hii na soketi kwenye breka ile. Na ukuta mmoja unaweza kuwa na soketi mbili zinazotoka breka mbalimbali, hasa kama nyumba iliongezwa chumba baadaye. Fundi wa kwanza alikwenda, wa pili akaja, na hakuna aliyeandika chochote.

Sasa kitafuta breka. Kipande hiki chenye plagi unachomeka kwenye soketi unayotaka kuijua. Kikipata stima, taa yake inawaka, nacho kinatuma mlio mdogo ndani ya waya, mlio usiosikika kwa sikio. Kipande cha pili unakwenda nacho kwenye boksi, unakipitisha polepole juu ya breka moja moja, ukikishika vile vile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vingi vya aina hii vinataka upite mara mbili: mara ya kwanza kinajifunza nguvu ya mlio, mara ya pili ndipo kinaonyesha breka yenyewe. Wengi wanapita mara moja, kinalia kwa breka tatu, halafu wanasema kimeharibika. Hakijaharibika. Waya ndani ya boksi zimelaliana, na mlio unavuja kwa jirani.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikiamini peke yake. Teremsha ile breka iliyoonyeshwa, kisha rudi kwenye soketi uangalie kile kipande cha kwanza. Taa yake imezimika? Basi ndiyo breka yenyewe. Bado inawaka? Umeteremsha ya wenyewe. Ipandishe uanze tena.

Tuseme ukweli, maana tunajua hela za kikundi zinavyopatikana: mwenye nyumba ya breka tatu au nne hahitaji kununua kitafuta breka. Chukua redio ya kuchomeka, iwashe kwa sauti kubwa kwenye ile soketi, nenda kwenye boksi uteremshe breka moja baada ya nyingine. Redio ikinyamaza, umeipata. Ila toeni betri kwanza! Siku ya kwanza sisi tuliteremsha breka zote, hata meni swichi, na redio ikaendelea kuimba. Tukasimama pale tukitazamana kama watu waliorogwa, mpaka mama mmoja akageuza redio na kufungua kifuniko cha nyuma. Kitafuta breka kinafaa zaidi mahali penye breka nyingi, kama shule, zahanati au ukumbi kama huu, ambako huwezi kuzimazima ovyo wakati watu wanafanya kazi.

Ukishajua, andika. Kipande cha karatasi na gundi, au kalamu isiyofutika, kando ya kila breka: "soketi za sebuleni", "taa za vyumba", "jiko". Kazi ya nusu siku, na haifanywi tena.

Tuje kwenye hiki kidogo, kipima soketi. Tukiambiwa tuchague kimoja tu, tutachagua hiki. Kina umbo la plagi yenye miguu mitatu ya bapa kama plagi zetu, na taa tatu mgongoni. Mkienda kununua, angalieni kiwe cha volti 240 na miguu kama hii. Viko vya Marekani, vya volti 120, vyenye miguu miwili myembamba na mmoja wa mviringo. Hivyo si vya soketi zetu, hata kama mwuzaji atakupa na adapta.

Soketi ya kwetu ina matundu matatu, na nyuma yake waya tatu. Waya wa moto unaleta stima. Waya wa kurudi unaipeleka ilikotoka. Waya wa ardhi haufanyi kazi siku zote, unangoja siku ya hatari. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na wa kurudi ni mweusi; katika nyumba mpya wa moto ni wa kahawia na wa kurudi ni wa buluu. Wa ardhi ni wa kijani, au kijani na manjano. Ndiyo rangi zinazotakiwa. Alichofunga fundi wako ni jambo lingine, na ndiyo sababu tunapima.

Zile taa zinauliza maswali. Katika vipima vingi, moja inauliza: kuna stima kati ya tundu la moto na la kurudi? Ya pili: kuna stima kati ya moto na ardhi? Ya tatu: kuna stima kati ya tundu la kurudi na ardhi? Soketi iliyo sawa inajibu ndiyo, ndiyo, hapana. Ikiwaka ile ya kwanza peke yake, waya wa ardhi haupo au umekatika. Ikiwaka ya kwanza na ya tatu, waya wa moto na wa kurudi zimebadilishana. Vipima havifanani, kwa hivyo someni ule mchoro uliobandikwa mgongoni mwa chenu.

Mtu atauliza, kama pasi inapata moto na redio inaimba, kubadilishana kwa waya kuna ubaya gani? Ubaya ni huu. Swichi ya soketi nyingi, na ya taa pia, inakata waya mmoja tu, ule unaotakiwa kuwa wa moto. Zikibadilishana, swichi inakata njia ya kurudi, na moto unabaki umefika mpaka ndani ya pasi au ndani ya kishikio cha balbu. Umezima, unaona imezima, kumbe stima inakungoja.

Na waya wa ardhi ukikosekana? Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wetu wanapoumia. Pasi, birika na friji ya bati zina mwili wa chuma. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa chuma, waya wa ardhi unatakiwa kuichukua ile stima na kuipeleka chini, na breka au swichi ya usalama ijizime. Ukikosekana, ile stima inakaa pale kwenye chuma ikingoja mkono. Wengine wenu mmezoea kusema, "Hii friji yetu inawasha kidogo ukiigusa miguu mitupu." Si tabia ya friji. Ichomoeni leo mkifika nyumbani.

Vijijini, ardhi mara nyingi ni ile fimbo ya chuma iliyopigwa udongoni kando ya nyumba. Udongo mkavu haupitishi stima vizuri kama udongo wenye unyevu, kwa hiyo fimbo iliyokuwa nzuri masika inaweza kuwa dhaifu kiangazi. Fanyeni hesabu nasi. Kama udongo unazuia kwa omu 40, volti 240 ukigawanya kwa 40 unapata ampea 6. Breka ya soketi inangoja zaidi ya 30. Haitajizima, hata kidogo. Chuma cha pasi kitaendelea kuwa na stima, na breka itakaa pale imetulia.

Ndiyo maana boksi linatakiwa liwe na ile swichi ya usalama yenye kitufe cha T, ambayo mafundi wanaiita RCD au ELCB. Inayotumika kwa kulinda watu hujizima kwa milliampea 30, yaani sehemu 30 tu za elfu moja ya ampea. Bonyezeni hicho kitufe kila baada ya miezi michache. Swichi ikianguka, mtambo wake unafanya kazi, ipandisheni. Isipoanguka, mwite fundi. Na kama boksi lako halina swichi ya namna hiyo, hiyo ndiyo hela ya kwanza kutafuta, kabla ya kipima na kabla ya televisheni.

Kipima soketi kina mipaka. Kinaweza kusema ardhi ipo hata kama fimbo imeoza kwa kutu, kwa sababu zile taa zinahitaji stima ndogo sana kuwaka. Tena hakiwezi kutambua kama waya wa kurudi na wa ardhi zimebadilishana, maana zote mbili kwake ni kama kitu kimoja. Kwa hiyo kikisema "mbaya", amini, acha kuitumia soketi hiyo. Kikisema "nzuri", shukuru, lakini uzuri wa ardhi yenyewe utapimwa na fundi mwenye chombo cha kazi hiyo. Mwombeni awaonyeshe leseni ya EPRA. Asiye nayo asiwe ndiye wa kufunga nyumba yako, hata akiwa mtoto wa shangazi.

Tena kuna kosa moja la kwetu kabisa. Taa za kipima zisipowaka hata moja, mtu anasema soketi haina stima, akaanza kufungua. Pengine stima imepotea kijiji kizima! Au tokeni zimeisha, na mtoto yuko kwa mita anaingiza nambari. Stima iliyopotea haijazimwa. Itarudi bila kubisha hodi. Kwa hiyo chomeka kipima wakati stima iko, uone taa zikiwaka. Zima breka, uone zikizimika pale pale. Kisha kipeleke kipima kwenye soketi nyingine yenye stima uone bado kinawaka, usije ukadanganywa na kipima kilichokufa. Na anayefanya kazi amweke mtu kando ya boksi, asiguse mtu breka.

Na ile kalamu ya biro mnayosukuma kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie? Mnacheka kwa sababu mnaijua. Lile tundu la juu ni la waya wa ardhi, na mguu mrefu wa plagi ndio unaofungua vile vifuniko vya ndani vinavyozuia vidole vya watoto. Ukisukuma biro umeivunja kinga, halafu plagi haishiki sawasawa, inalegea na kuungua. Ile soketi yetu ya cherehani ilianza kuungua hivyo hivyo. Nunueni adapta au mbadilishe plagi.

Mtu akishikwa na stima msimvute kwa mikono. Teremsheni meni swichi kwanza. Ikiwa haifikiki, msukumeni kwa mti mkavu mkiwa mmesimama juu ya kitu kikavu, kisha apelekwe hospitali hata akisema ni mzima.

Tumepanga hivi na viongozi wenu: kipima kitakaa kwa mweka hazina, na kila kikundi kitapewa kwa wiki moja, kwa zamu, pamoja na daftari. Mtaandika soketi ya nyumba gani, taa zilijibu nini. Zile mbaya tutaziorodhesha ili fundi akiitwa aitwe mara moja kwa nyumba nyingi, gharama ya safari igawanywe. Sasa tusimame, tuanze na ile ya karibu na mlango, ambayo mama wa uji amesema leo asubuhi ilitoa cheche. Nani atakwenda kusimama kwenye boksi?