Kabla ya Kununua Pampu ya Tangi, Pima Kimo

 

Mwenye tangi la maji ya mvua na asiye na stima hujiuliza kama ni lazima anunue pampu ya sola. Jibu haliko dukani. Liko bomani kwake, kati ya sehemu ya chini ya tangi na mahali maji yanapotakiwa kufika.

Maji hushuka yenyewe, na kinachoyasukuma ni kimo, si ukubwa wa tangi. Pipa la lita 200 na tangi la lita 10,000, maji yake yakiwa kimo kimoja, hutoa presha sawa. Mita moja hutosha kujaza mtungi, kunywesha mbuzi, hata kulisha mipira ya matone kwenye bustani ndogo ya sukuma wiki. Bafu la kumwagia huhitaji zaidi. Kimo kikiwa kidogo, maji hudondoka tu.

Mbooni na Kilungu, milima imeshafanya nusu ya kazi. Tangi likiwa juu na shamba la matuta likiwa chini, pampu ni ya nini? Upande wa Mutomo, mvua inayoanguka kwenye miamba hukingwa kwa kuta, kisha hushuka kwa bomba hadi kwenye matangi bila kusukumwa na mashine.

Taabu iko tambarare. Hapo tangi haliwezi kuinuliwa kupita gata za nyumba, la sivyo mvua haitaingia. Kuliinua nako si mchezo: lita 5,000 ni kilo 5,000, bila kuhesabu tangi lenyewe. Anayetaka bafu afunge pipa la lita 200 juu ya kisimamo imara, alijaze kila siku kwa pampu ya mkono au pampu ndogo ya sola isiyohitaji betri, jua likiwa kali.

Na kama maji yako chini, kwa mfano kisima kando ya bwawa la mchanga huku shule ikiwa kilimani, pampu haina mjadala. La sivyo punda aendelee kupanda.

Kupima ni rahisi. Jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uondoe mapovu. Mmoja ashike ncha moja tangini, mwingine ncha ya pili penye mfereji. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili, kama fundi anavyosawazisha msingi. Anzia chini ya tangi, si juu. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua ya Novemba haijafika, tangi huwa karibu tupu, na ndipo maji hutakiwa zaidi.

Ikiwa maji yalikuwa yakitoka vizuri na sasa yanadondoka, kagua kwanza chujio lililojaa majani, nundu ya bomba iliyoshika hewa, na bomba la nusu inchi lililovutwa mbali mno. Muuzaji wa pampu hatakuuliza hayo.