Saa Mbili za Mtoto: Mama Mfanyakazi na Haki ya Kunyonyesha





Mada niliyopewa na Kamati ya Haki na Amani imewafanya baadhi yenu watabasamu. Padre atasema nini juu ya maziwa ya mama? Tumezoea kwamba semina za haki na amani ni za mipaka ya mashamba, mirathi na uchaguzi. Lakini mtoto wa miezi mitatu naye ana haki zake, na kwa kuwa hawezi kwenda ofisini kuzidai, yapasa wengine wamsemee.

Tuanze na hesabu ndogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, humpa mama mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Waganga nao, wakifuata Shirika la Afya Duniani, hutufundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, pasipo hata maji, kwa miezi sita, yaani siku kama 180. Ondoeni 84 katika 180. Mama anarudi kazini mtoto akiwa hajafika hata nusu ya safari. Ndani ya pengo hilo ndimo unamoingia uji mwepesi, na maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji ya kisima, na nyuma yake kuhara.

Watunga sheria waliliona pengo hilo. Kifungu hicho hicho, katika sehemu yake ya 10, chamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe wakati wa saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wazo lenyewe si geni, kwani mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington mwaka 1919, ulikwisha kumtengea mama anyonyeshaye nusu saa mara mbili kila siku. Imepita zaidi ya karne moja, na bado mama anayeomba kutoka anatazamwa kama mtu anayependelewa. Ruhusa hiyo si hisani ya mkuu wa kazi. Ni haki iliyoandikwa.

Sasa tuje kwetu Ugalla. Saa mbili humfaa mama ambaye nyumba yake iko karibu. Lakini mwalimu anafundisha kijiji kimoja na kupanga kijiji kingine. Muuguzi yuko peke yake kwenye zamu. Masika njia imejaa maji. Mama wa namna hiyo akienda na kurudi, muda umekwisha barabarani. Kwake njia iliyobaki ni kukamua maziwa yake, ili mtoto anyweshwe nyumbani. Sheria imetaja kunyonyesha tu, haikutaja kukamua wala chumba cha kukamulia. Basi hapo ndipo inapotakiwa busara ya mwajiri, maana hakuna mama atakayekamua maziwa nyuma ya choo cha shule, huku wanafunzi wakichungulia.

Wauguzi husema hivi. Mama anawe mikono kwa sabuni, na chombo kiwe kimechemshwa. Hahitaji mashine. Kidole gumba huwekwa juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole vingine chini yake, akasukuma kuelekea kifuani, kisha akabana na kuachia, bila kuvuta chuchu. Afanye hivyo kila baada ya saa tatu hivi, kwa sababu maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Yasipotolewa titi hujaa, huuma, huweza hata kupata jipu, na baadaye maziwa hupungua. Wengi waliosema "maziwa yangu yalikauka nilipoanza kazi" hawakukosa maziwa, walikosa nafasi ya kuyatoa. Maziwa hayo yafunikwe na kuwekwa kivulini mahali pa baridi. Kwenye joto la kawaida hukaa saa nne, na katika joto letu la mwezi wa Oktoba afadhali yanywewe mapema zaidi. Katika jokofu hukaa hadi siku nne. Mafuta yakipanda juu hayajaharibika, yatikiswe taratibu. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasichemshwe jikoni. Na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwa kuwa chupa ni ngumu kusafisha.

Nina neno la pekee kwa familia zinazolima tumbaku. Miezi ya kuvuna, mama huchuma majani, huyafunga kwenye fito, hukesha kwenye bani, kisha humshika mtoto kwa mikono ile ile. Sumu ya tumbaku, yaani nikotini, hupenya ngozi, hasa jani likiwa bichi na lenye umande, nayo huingia hata katika maziwa. Simaanishi kwamba aache kunyonyesha, la hasha. Namaanisha kwamba kazi ya majani mabichi wapewe wengine, na asipoweza kuikwepa, avae nguo za kumkinga, abadili nguo na kunawa vizuri kabla hajamgusa mtoto. Akina baba mnaopanga kazi za shamba, hili linawahusu ninyi kuliko yeye.

Nimesikia pia bibi wakikataa kumnywesha mjukuu maziwa yaliyokamuliwa, wengine wakisema yamelala, wengine wakihofia jicho la mtu mbaya. Tusiwacheke. Twendeni nao kliniki wakaelezwe na muuguzi, kwa kuwa wao ndio walezi wakati mama yuko kazini, na pasipo wao kikombe hakifiki mdomoni. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye asikate shauri peke yake. Afuate dawa zake na maelekezo ya kliniki.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa namna isiyomlazimisha mama kuiacha nafasi yake kwa watoto. Basi tujitazame wenyewe kwanza. Shule zetu, zahanati zetu na nyumba zetu za mapadre zina waajiriwa. Je, wana chumba chenye mlango, maji na kiti? Na yule dada wa kazi nyumbani kwako, aliyemwacha mwanawe kijijini ili alee wako, naye ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo hiyo. Nawaambia kweli, hapo ndipo Wakristo wengi hunyamaza.

Mama aliyenyimwa saa zake azungumze kwanza na mkuu wake, ikiwezekana akiwa na kiongozi wa chama: CWT kwa walimu, CHODAWU kwa wafanyakazi wa majumbani. Ikishindikana, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya mimba si sababu halali, na malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Mengine, ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kungoja.

Halmashauri ya parokia ninaiomba jambo moja tu: kile chumba kando ya ofisi, kinachotunza viti vibovu, kisafishwe na kuwekewa kitasa kabla ya Majilio. Sasa tuwasikie akina mama wenyewe. Akina baba, tafadhali msianze kunyoosha mikono.