Maneno ya Yesu Peke Yake, au Kitabu Chote?

 

Leo twataka kusema nanyi juu ya swali ambalo Wakristo wajuao kusoma huliuliza mara nyingi, hasa vijana. Je, dini ya Kikristo isimame juu ya maneno aliyoyasema Yesu mwenyewe tu, au isimame juu ya Maandiko yote, tangu Mwanzo hata Ufunuo? Wako wasemao, "Sisi tu wafuasi wa Yesu. Musa si bwana wetu, wala Paulo si bwana wetu. Tupeni maneno ya Yesu, yatutosha." Na wako wawajibuo, "Kitabu chote ni cha Mungu. Kila mstari una nguvu sawa na mwenziwe." Kila upande una uzuri wake, walakini kila mmoja ukifuatwa peke yake, huwapeleka watu mahali wasipotaka kufika. Hatusemi hivi kwa kukisia. Yako mambo yaliyotokea, nasi tutawaeleza.

Kwanza tukumbuke jinsi Kitabu kilivyozifikia nchi zetu. Hakikuja kizima kwa siku moja. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka ule ule akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Huko Unguja, Edward Steere na wenziwe walifanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi, hata Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka wa 1891, naye Steere alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka wa 1882. Injili zilikuwa zimesomwa muda mrefu kabla ya Torati yote kupatikana. Basi Wakristo wa kwanza wa pwani waliishi miaka kadha wa kadha wakiwa na maneno ya Yesu mkononi, bila kuwa na sheria zote za Musa, nao walibatizwa, wakaomba, wakafa katika imani. Hapo twaona kwamba anayeanza na Yesu hakosi njia. Swali ni kama inafaa kukomea hapo.

Sasa twende Uganda. Huko Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari mwaka wa 1896, kwa kazi ya George Pilkington na Waganda waliomsaidia. Ilikuwa kitabu kifupi kinene, nacho kilifanywa hivyo ili kiingie katika mkebe wa biskuti, mchwa wasikile. Waganda walikuwa wasomaji wakubwa, hata Wakristo wakaitwa kwa jina la "wasomaji". Na walipokuwa na Kitabu chote katika lugha yao, walianza kukiuliza maswali yao wenyewe.

Mwaka wa 1914 chifu mmoja mwenye cheo cha Mugema, jina lake Joswa Kate, pamoja na mwalimu aitwaye Malaki Musajjakawa, walianzisha kanisa lao. Watu wakawafuata kwa makumi ya maelfu. Hawa walikuwa wamesoma katika Torati maneno makali ya kukataza uganga na ulozi, nao wakayatia juu ya dawa zote, hata dawa za hospitali, hata chanjo. Msiwacheke. Katika Kiswahili chetu sisi, yule anayepiga ramli huitwa mganga, na yule anayesimamia mambo ya afya wilayani huitwa Mganga Mkuu. Mtu asomaye mstari mmoja bila kuuliza ulisemwa kwa nani, na kwa sababu gani, aweza kuwachanganya watu hawa wawili kwa urahisi. Ugomvi wao na serikali juu ya chanjo ulizidi, hata mwaka wa 1929 viongozi wao wakahamishwa wakapelekwa kaskazini ya nchi. Ndipo tuwafikirie watoto wa wafuasi wao: mtoto aliyenyimwa chanjo hakuwa amechagua mstari wo wote.

Miongoni mwa waliojiunga nao alikuwamo Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyekuwa amewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki ya Uganda, akakaa karibu na Mbale. Kakungulu alikuwa msomaji wa kweli. Alipofika katika amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu, alisema kwamba kama maandiko yote yana nguvu sawa, basi na amri hii yatupasa. Mwaka wa 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenziwe walipompinga kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi, akawaacha, akashika dini ya Kiyahudi. Wafuasi wake huitwa Abayudaya, yaani Wayahudi, na wako karibu na Mbale mpaka leo, wakiishika Sabato siku ya Jumamosi. Kakungulu alikufa mwaka wa 1928.

Sisi hatumdharau Kakungulu, wala dini ya Kiyahudi hatuidharau. Twasema tu kwamba yeye alikuwa mkweli kuliko wengi wetu. Mkristo anayesema kwamba kila mstari wafunga sawasawa, kisha anakula nyama ya nguruwe na kulima siku ya Jumamosi, halitendi neno lake mwenyewe. Kakungulu alilitenda lake mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa nje ya Ukristo.

Pengine mtasema, "Basi, yule kijana asemaye maneno ya Yesu tu ndiye mwenye haki." Ngojeni kidogo, tuitazame na njia hiyo.

Zamani sana, karibu na mwaka wa 144, alikuwako katika mji wa Roma mtu mmoja aitwaye Marcion, mwenyeji wa Ponto. Yeye alifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu. Akaitupa Torati, akawatupa Manabii na Zaburi, akabakiza Injili ya Luka na nyaraka kumi za Paulo. Lakini kazi ya kukata haikuishia hapo. Hata katika Luka aliona Yesu akimtaja Musa na Isaya, basi ikambidi kuikata na Injili yenyewe. Angalieni jambo hili: kisu kilichoanza kwa Musa kilifika katika maneno ya Yesu.

Wala msidhani hayo ni ya kale tu. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1933, katika mji wa Berlin, Wakristo wa Ujerumani waliomfuata Hitler walikutana kwa maelfu, na msemaji wao Reinhold Krause akadai Agano la Kale liondolewe kanisani, na mafundisho ya Paulo yasafishwe. Mwaka wa 1939 wengine wakafungua chuo katika mji wa Eisenach kwa kazi ya kuondoa kila kilicho cha Kiyahudi katika Biblia na nyimbo, na mwaka uliofuata wakatoa Agano Jipya lililokatwakatwa. Walisema wanamtaka Yesu peke yake. Walakini Yesu waliyebaki naye hakuwa tena mwana wa Mariamu wa Nazareti. Alikuwa mtu wa kabila lao, mwenye kuwachukia waliowachukia wao. Na katika miaka ile ile Wayahudi walikuwa wakiuawa. Wahenga wetu walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Aliyeiacha asili ya Yesu akawa mtumwa wa bwana mwingine.

Tena liko jambo ambalo vijana hawalifikiri. Yesu hakuandika kitabu. Alisema kwa Kiaramu. Injili ziliandikwa kwa Kiyunani, na wengine, miaka mingi baada yake. Wenye elimu ya mambo haya wakubali kwamba nyaraka za Paulo ni za zamani kuliko Injili. Maneno aliyoyasema Yesu juu ya mkate na kikombe usiku ule wa mwisho, yaliandikwa kwanza katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, kabla Marko hajashika kalamu. Basi amtupaye Paulo hutupa pamoja naye maandishi ya kwanza kabisa ya maneno ya Bwana. Wengi wenu mmeziona Biblia zenye maneno ya Yesu kwa wino mwekundu. Desturi hiyo ilianza New York mwaka wa 1899, nayo yamsaidia mwanafunzi kutafuta. Lakini wino mwekundu haukushuka kutoka mbinguni. Ni mkono wa mpiga chapa.

Sasa tumtazame Yesu mwenyewe alivyoyashika Maandiko, maana yeye ndiye anayetajwa na pande zote mbili. Alipoulizwa amri iliyo kuu, hakutunga mpya. Alitwaa moja katika Kumbukumbu la Torati na ya pili katika Mambo ya Walawi, akaziunga pamoja. Alipokuwa akifa, kilio chake kilikuwa cha Zaburi. Hakuyatupa Maandiko.

Walakini hakuyaweka yote katika safu moja. Mafarisayo walipomletea ruhusa ya Musa ya kumwacha mke, aliwajibu kwamba ruhusa ile ilitolewa kwa sababu ya ugumu wa mioyo, akawarudisha katika Mwanzo, mume na mke walipoumbwa. Alipima andiko kwa andiko. Tena, kijiji kimoja cha Wasamaria kilipokataa kumpokea, wanafunzi wake wawili walitaka kuita moto ushuke uwateketeze. Walikuwa na andiko, maana Eliya aliita moto namna hiyo. Yesu aligeuka akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Wanafunzi wale walikuwa na mstari, wala hawakuwa na roho ya Bwana wao.

Hiyo ndiyo njia tuionayo sisi. Kitabu chote kisomwe, wala kisikatwe. Lakini kipimo kiwe Yesu. Asomaye Musa, amsome akiwa ameketi karibu na Yesu. Asomaye Paulo, afanye vivyo hivyo.

Tulete neno hili katika milima yetu, tuone kama lina kazi. Liko andiko katika Kutoka liamurulo kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai. Huko Ulaya andiko hilo lilishikwa kwa nguvu katika karne ya 16 na ya 17, na watu wapatao 40,000 hata 60,000 waliuawa kwa mashtaka ya uchawi, wengi wao wanawake. Na hapa mkoani Kigoma jina la kamchape, watu wajidaio kuwafichua wachawi, si geni masikioni mwetu. Mtoto amekufa kwa homa. Watu wanatafuta wa kulaumiwa. Macho yanamgeukia bibi kizee aliye peke yake. Akisimama mtu na Biblia akausoma mstari ule, nani atamkomboa bibi yule? Atamkomboa yule ajuaye kwamba Yesu aliwakemea walioita moto, na kwamba hakumwua mtu hata mmoja. Kwa jambo hili, neno la Yesu juu ya mistari yote ni uhai wa mtu.

Tazameni na upande wa pili. Nchi hii imepokea wageni wengi. Warundi walivuka mpaka mwaka wa 1972, na tena mwaka wa 1993, na tena mwaka wa 2015. Kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Yesu alisema kwamba ampokeaye mgeni amempokea yeye. Lakini neno hilo lina mizizi. Torati iliwaamuru Waisraeli mara nyingi wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Kitabu cha Ruthu chaonyesha mwanamke mgeni akiokota masazo shambani, kisha akawa mama katika ukoo wa Daudi. Amosi awakemea wanaompunja maskini kwa mizani ya uongo. Mkulima anayemlipa mkimbizi nusu ya haki yake kwa kuwa hana wa kumtetea, na asome hayo. Ukimpa maneno mekundu tu, ataweza kusema Yesu hakutoa amri ya siku ya kumlipa kibarua. Torati imeitoa: alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa.

Basi, wasikilizaji wetu, mtu akikuletea mstari, usiukatae, wala usiupokee mbio. Uliza mambo matatu. Ulisemwa kwa nani, na kwa sababu gani? Maandiko mengine yasemaje juu ya jambo lilo hilo? Na je, ukiutenda, utafanana na Yesu, au utafanana na wale walioita moto? Waalimu wa shule waweza kuwapa wanafunzi kazi hii: wasome sura ya tisa ya Luka na sura ya kwanza ya kitabu cha pili cha Wafalme, kisha waseme tofauti waliyoiona. Na wazee waweza kufanya vivyo hivyo jioni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza.