Kiwiko Kikivunjika, Tazama Vidole

Kijijini kati ya Tarime na Mugumu nilimkuta mtoto aliyeanguka mwembeni, akavunjika kiwiko. Jirani, fundi wa mifupa, alikichua na kukifunga vijiti kwa kamba iliyokazwa. Vidole vilikuwa baridi, havina hisia. Tukalegeza kamba, tukamkimbiza hospitali.

Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu. Mkono unaovimba ukikazwa, damu haipiti. Kwa saa chache misuli hufa. Mkono huweza kulemaa, hata kukatwa.

Kwa hiyo usichue, usivute, usinyooshe. Utegemeze kwa kanga kama ulivyo, tazama vidole njia nzima, ufike kwenye eksirei siku hiyohiyo. Mafundi wetu nawaheshimu, lakini kamba haioni damu.