Asparagasi, Mboga Itakayo Subira



Mkulima wa Nyeri hahitaji kufundishwa maana ya kungoja. Apandaye mche wa kahawa hungoja miaka mitatu hivi kabla ya kujaza debe lake la kwanza. Asparagasi ni mboga ya tabia iyo hiyo. Haifanani na sukumawiki. Tangu itolewe kitaluni hudai miaka miwili bila kukatwa hata chipukizi moja, kisha humlipa mwenyewe kwa miaka kumi au zaidi.

Kwa hiyo neno la kwanza ni mahali. Mwenye shamba la kukodi kwa mwaka mmoja asiipande, wala mwenye kipande kidogo asing'oe viazi vya watoto kwa ajili yake. Latosha tuta moja kando ya ua, penye jua, pasipotuama maji.

Mbegu huloweshwa siku moja, zikapandwa kitaluni, na miche hukaa humo karibu mwaka mzima. Mvua ya mwezi wa Machi ikaribiapo, huchimbwa mfereji wa kina cha futi moja. Sangari yote ing'olewe, kwa maana ikiisha kuingia katikati ya mizizi haitoki tena. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza. Na kwa kuwa udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya mara nyingi una uchachu, huongezwa chokaa. Miche hupandwa mmoja mbali na mwingine futi moja na nusu, mizizi imetandazwa kama vidole vya mkono. Hufunikwa inchi mbili tatu, na udongo uliosalia hurudishwa kidogo kidogo mmea ukuapo. Upande wa Nanyuki, ambako mvua ni haba, hapana budi kumwagilia.

Sasa ndipo penye hatari. Chipukizi la kwanza lichomozapo, mkono hutamani kisu. Lakini majani yale membamba kama manyoya ndiyo yapikayo chakula na kukishusha mizizini, na mizizi ndiyo ghala. Akataye mapema huiba katika ghala lisilojaa bado, na mmea hudhoofika, pengine ukafa. Mwaka wa tatu na akate kwa majuma mawili matatu tu, kisha aache.

Huko Ulaya, baridi kali huulaza mmea huu kila mwaka. Theluji ya Mlima Kenya hukaa kileleni, haishuki bustanini, basi mmea haupati usingizi. Wakulima wa Thailand na Taiwan, nchi za joto, wana dawa yake: katika kila shina huacha mabua matatu hadi matano, yawe kama mama wa kulisha mizizi. Machipukizi mengine hukatwa yafikapo inchi saba hivi, ncha ikiwa bado imefumba. Mabua hayo yakizeeka, huachwa mapya mahali pake.

Matunda mekundu ya mmea huu hayaliwi, watoto waonywe. Machipukizi huchemshwa dakika tatu hadi tano, yasipondeke. Atakaye kuyauza Karatina au katika mahoteli ya Nanyuki atafute mnunuzi kwanza, kwani hunyauka upesi.

Mtoto abebaye leo debe la kumwagilia tuta hilo aweza kulivuna hata awe mtu mzima, iwapo baba na mama watauzuia mkono miaka miwili ya kwanza. Mvumilivu hula mbivu.