Gari la Kikundi Likipiga Kelele na Kupoteza Maji

Mmetuomba tuzungumze juu ya magari ya zamani, maana vikundi vingi vina pikapu ya kubeba maziwa, mboga au mbao, na karibu zote zilinunuliwa zikiwa zimetumika miaka mingi. Hatukuja kuwageuza nyinyi kuwa makanika. Tumekuja kueleza mambo ambayo mtu yeyote mwenye macho, masikio na pua anaweza kuyatambua kabla injini haijakufa.

Mpira wa maji ukipasuka, gharama yake ni kama ya kuku. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, hapo tunazungumza habari ya mbuzi kadhaa. Injini ikifunguliwa yote, ni ng'ombe, na pengine ni hisa za miaka miwili za akina mama waliokuwa wakitoa kidogo kidogo kila juma. Na mara nyingi kati ya kuku na ng'ombe ni kilomita chache tu, zile ambazo dereva alilazimisha gari lifike.

Kazi ya maji

Mafuta yakiungua ndani ya silinda, joto lake ni kali kuliko la jiko lolote mlilo nalo. Pampu huzungusha maji kando ya silinda yachukue lile joto. Maji hupita kwa mpira wa juu mpaka kwenye rejeta, hupozwa na upepo na feni, kisha hurudi kwa mpira wa chini. Katikati kuna kifaa kidogo kinachoitwa thamostati. Injini ikiwa baridi kinajifunga. Maji yakifika kama digrii 82 hadi 88 kinajifungua. Injini nyingi hufanya kazi vizuri maji yakiwa karibu digrii 90.

Sasa, watu wa nyanda za juu wana jambo lao. Mombasa, karibu na bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Ukipanda kila mita 300 hivi, unatoa digrii moja. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, maji huchemka kwa digrii 94 hivi. Nyahururu, karibu mita 2,300, ni kama 92. Mnaona jinsi nafasi ilivyo ndogo? Kinachookoa gari huko ni kifuniko cha rejeta. Kina springi na raba inayobana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Raba hiyo ikikatika, au springi ikilegea, gari linaweza kuchemsha mlimani hata kama hakuna kitu kingine kilichoharibika. Kwa hivyo anzeni na kifuniko. Msikubali mtu aanze na kufungua injini. Mkinunua kipya, kiwe na namba ileile iliyoandikwa juu ya kile cha zamani.

Maji yanapotelea wapi?

Tandazeni katoni chini ya gari usiku, muitazame asubuhi. Oili ya injini ni nyeusi au kahawia na inateleza. Maji ya rejeta yenye dawa huwa ya kijani, mekundu au ya samawati, na yana harufu tamu. Msiyaonje kamwe! Dawa hiyo ni sumu, na utamu wake huvuta watoto, mbwa na mbuzi. Ikimwagika, ifunikeni na mchanga na muizoe.

Kisha fuateni alama ya tone kwenda juu. Tazameni klipu za mipira, ambako huacha ukoko mweupe au wa rangi. Bonyezeni mpira injini ikiwa baridi: ukiwa laini kupita kiasi, mgumu kama ukuni, au wenye nyufa karibu na klipu, ubadilishwe kabla ya safari. Tazameni chini ya shingo ya pampu. Hapo kuna tundu dogo lililowekwa na watengenezaji kwa makusudi. Likitoa maji, sili ya ndani imeisha. Mtu asilizibe kwa gundi. Lile tundu ni kama mtoto anayelia, na kumziba mdomo hakutibu ugonjwa. Mkeka wa gari ukiwa na maji upande wa abiria, na vioo vinaingia ukungu wenye harufu tamu, uvujaji uko kwenye rejeta ndogo ya kupasha joto ndani.

Lakini kuna maji yanayopotea bila kuacha tone. Hayo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu yanaingia ndani ya injini. Dalili ni hizi. Oili kwenye kijiti cha kupimia au chini ya kifuniko chake inakuwa kama chai ya maziwa. Moshi mweupe unaendelea kutoka hata baada ya injini kupata moto (ule wa asubuhi ya baridi unaokwisha upesi si neno). Injini ikiwashwa ikiwa baridi na kifuniko kikiwa wazi, mapovu yanapanda kwenye rejeta bila kukoma. Au mpira wa juu unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata joto. Mkiona haya, gari lisitembee tena hata hadi sokoni. Gasketi ya hedi ikibadilishwa mapema, hedi huweza kupona. Mkichelewa, hedi hupinda au kupasuka.

Sikilizeni injini

Kila kelele ina tabia yake. Ulizeni: inatoka mbele au katikati? Inaongezeka gari likikimbia au likipanda mlima? Inakuja injini ikiwa baridi au moto?

Kelele ya kulia kama nguruwe wakati wa kuwasha, mara nyingi ni mkanda wa feni umelegea au umepata oili. Zimeni injini, kisha sukumeni mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa magari mengi ya zamani unatakiwa kuingia kama sentimita 1 hadi 1.5.

Kelele ya kusaga au kunguruma upande wa mbele ni beringi, ama ya pampu ya maji ama ya alteneta. Injini ikiwa imezimwa, shikeni feni au puli muitikise. Ikicheza huku na huku, beringi imekwisha. Pampu inayonguruma leo ndiyo itakayomwaga maji kesho, kwa hivyo kelele hii na ule uvujaji wa tunduni ni ndugu.

Mlio mwepesi wa tiki-tiki juu ya injini mara nyingi ni tapeti. Kabla ya kitu kingine, pimeni oili. Ikiwa imetosha, fundi arekebishe nafasi ya tapeti.

Mlio kama kokoto ndani ya kopo gari likipanda mlima, huwa ni mafuta kuwaka kabla ya wakati wake. Sababu zaweza kuwa taiming, petroli mbaya au injini iliyopata joto kupita kiasi. Tazameni mshale wa joto mara moja.

Mlio mzito wa kugonga, go-go-go, unaozidi mkikanyaga mafuta, ni beringi za konrodi. Huu hausubiri. Zimeni injini hapo hapo mulivute gari hadi kwa fundi. Taa ya oili ikiwaka, ni vivyo hivyo.

Mkitaka kujua mahali hasa, chukueni bisibisi ndefu. Ncha iguse injini, mpini uguse mfupa ulio mbele ya sikio. Lakini jihadharini na feni! Leso, tai, nywele ndefu na mikono mipana ya shati vikae mbali.

Gari likichemsha njiani

Sukumeni gari kando, zimeni injini, fungueni bonneti, kisha ngojeni. Nusu saa si nyingi. Mtu asiguse kifuniko mpaka mpira wa juu uweze kubanwa kwa mkono bila kuunguza. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa yanaruka kwa nguvu, na kuna watu waliopoteza macho kwa haraka ya dakika mbili. Baada ya kupoa, mimineni maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa kwa wingi ndani ya injini moto, chuma hupasuka kama glasi.

Na mjue kwamba mshale wa joto unaweza kudanganya. Maji yakiisha kabisa, kile kipimo hubaki hewani na mshale hurudi chini, dereva akafurahi ati gari limepoa. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, simama.

Tuguse na desturi mbili. Ya kwanza ni kutia yai, unga au bizari kwenye rejeta. Tundu huenda likaziba, lakini na mirija myembamba inaziba pia, na rejeta inakuwa kama mfereji uliojaa matope. Ya pili ni kung'oa thamostati na kuitupa. Injini hukaa baridi mno, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi, na ugonjwa wenyewe umebaki palepale. Thamostati hupimwa kwa sufuria: itieni ndani ya maji jikoni na mtazame kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunueni nyingine.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha magadi ndani ya injini. Kama hamna dawa ya rejeta, tumieni ya mvua yaliyokingwa yakiwa safi. Dawa yenyewe si ya nchi za barafu peke yake. Inazuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka.

Nani anaamua gari lisimame?

Hapa ndipo tunataka kamati isikilize vizuri. Magari mengi hayauawi na ujinga wa dereva. Huuawa na woga wake. Anajua gari limechemsha, lakini nyuma kuna lita mia nne za maziwa, na juma lililopita aligombezwa kwa kuchelewa. Basi anakanyaga mafuta akitumaini atafika.

Tunashauri kikundi kiandike azimio katika kumbukumbu za mkutano: dereva akiona mshale umepanda, au akisikia injini ikigonga, ana ruhusa ya kusimama, na maziwa yakiharibika hasara ni ya kikundi, si yake. Azimio hilo ni sentensi moja tu, lakini linaweza kuokoa injini.

Pili, wekeni daftari ndani ya gari. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva aandike kiwango cha oili, maji aliyoongeza, na kelele yoyote mpya. Nusu lita kila juma tayari ni habari. Nusu lita kila siku ni ugonjwa, na kamati ikutane kabla ya siku ya mkutano. Mweka hazina atenge fedha kidogo kila mwezi za mipira, mkanda na kifuniko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Maneno yetu yanaishia hapo. Pikapu yenu iko nje na imekuwa baridi tangu asubuhi. Twendeni tukafungue bonneti, na wale ambao hawajawahi kushika kijiti cha oili ndio wasimame mbele.