Pesa Zinapopungua Mwisho wa Zamu

(Mazungumzo kwa vijana wanaoanza kazi ya keshia, pampu na duka)



Kazi ya kushika pesa za mtu mwingine ina saa moja ngumu kuliko zote, nayo ni ile ya kufunga zamu. Mhudumu wa pampu amesimama tangu asubuhi. Mita zinasomwa, lita zinapigwa hesabu, noti zinahesabiwa, malipo ya M-Pesa yanajumlishwa. Kisha supavaisa anainua macho: kuna shoti ya shilingi 1,800.

Wako wanaopandisha sauti papo hapo. Wako pia wanaonyamaza, wakatoka nje, wakampigia ndugu simu kuomba mkopo ili wajazie. Hawa wa pili huonekana waungwana, lakini ndio wanaojiumiza zaidi. Pesa iliyojaziwa kimya kimya haiachi maandishi. Shoti ikirudi wiki ijayo, hakuna kitu cha kuonyesha kwamba pampu ni ileile, au kwamba zamu ya kabla ilikabidhi mita vibaya. Kinachobaki ni jina la mhudumu tu.

Anayeijua kazi yake huomba hesabu irudiwe yeye akiwepo, kabla ya mtu yeyote kuondoka. Anaangalia mita iliyoandikwa asubuhi na nani alitia sahihi. Anawakumbuka wateja wa mkopo ambao vocha zao hazijaingizwa. Anakagua M-Pesa, kwa sababu ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni yale yaliyofika kwenye nambari ya kituo.

Ikiwa pesa bado haionekani, anaandika. Hata ujumbe wa simu kwa supavaisa unatosha: “Zamu ya leo mchana, pampu namba 3, imepungua 1,800. Tumehesabu mara mbili. Sijui ilikokwenda. Naomba kamera ziangaliwe.” Neno “sijui” si aibu likiwa ni kweli. Hadithi ya kubuni ndiyo humrudia mtu.

Kuna jambo gumu zaidi: kuitwa mwizi mbele ya wateja. Hapo damu huchemka, na si ajabu. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inataja matusi kwa mwajiri au msimamizi miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi bila notisi. Kijana anaweza kuwa na haki kwenye zile 1,800 kisha akapoteza kazi kwa tusi moja. “Supavaisa, naomba tuongee ofisini” ni maneno machache, na yanawaondoa wateja kwenye kesi isiyowahusu.

Je, mshahara unaweza kukatwa? Kifungu cha 19 kinaruhusu, ila si kiholela. Mkataba uwe umeeleza wazi kwamba mfanyakazi amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe wake au kukosa uaminifu. Makato yote ya wakati mmoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ndiyo maana inafaa mtu ausome mkataba siku ya kwanza, wala asingoje siku ya shoti. Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa kuwa na mkataba ulioandikwa.

Waajiri nao wasikie hapa. Msimamizi anayegawanya kila shoti kwa wahudumu wote bila kuuliza hawafunzi uangalifu, anawafunza kuficha. Na pampu mbovu itaendelea kula pesa.

Mambo yakifika pabaya, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kusikiliza majibu yake. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye kikao hicho. Aende na maandishi yake: ule ujumbe wa siku ya kwanza, nakala za mita, tarehe. Anayeingia mikono mitupu huishia kubishana.

Hata anayefukuzwa ana haki ya cheti cha utumishi, mradi amefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Cheti hicho hueleza kazi aliyoifanya na muda wake. Asiondoke kwa hasira akakiacha, maana mwajiri anayefuata atakiulizia.

Anayeona ameonewa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3 tangu kufukuzwa. Masuala ya ajira katika kampuni na maduka yako chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo ofisi ya kutafuta ni ile ya Wizara ya Leba, si ofisi ya wadi.